Anwani Mbili za Kadi ya Eksirei

Marahaba, wanangu. Najua hamjaniamkia bado, lakini mtu wa umri wangu ana haki ya kuitikia mapema, maana akisubiri sana anasahau alichotaka kusema. Naitwa Fundi Sosteni. Nimestaafu, nakaa Nyamiaga, na kwa miaka mingi nimetengeneza kompyuta za watu wa Ngara na Biharamulo: za ofisi, za shule, na mwishoni za hospitali moja ambayo sitaitaja. Nyie mnaoingia kwenye kazi hii sasa mmezaliwa mkaikuta kompyuta ipo, hamshangai. Mimi bado nashangaa. Na kipindi kimoja nilipojisahau nikaacha kushangaa, nilikaribia kumng'oa mama wa watu kwenye kazi yake.

Hebu fikirini kinachotokea mkibonyeza kitufe cha kuwashia. Kabla mfumo endeshi haujaamka, kabla kioo hakijaonyesha chochote, kuna programu ndogo imekaa ndani ya kipande cha saketi. Sisi wa zamani tunaiita bayosi. Hiyo ndiyo inaamka kwanza. Inapita ndani ya mashine, inagusa kadi moja moja: wewe nani, unahitaji nafasi kiasi gani? Kisha inampa kila mmoja anwani yake, wewe kaa hapa, wewe kaa pale, ili baadaye mtu akitaka kuzungumza na kadi ya mtandao ajue aandike wapi, na akitaka kadi ya sauti ajue aandike wapi. Ikimaliza inaacha orodha, inaamsha mfumo endeshi, na yenyewe inajiweka pembeni. Yote hayo yameisha wewe bado unavuta kiti ukae.

Mara ya kwanza kuielewa habari hiyo sikula chakula cha mchana. Nilikuwa nawasha kompyuta na kuzima, nawasha na kuzima, kama mtoto aliyepewa tochi.

Halafu zikaja mashine pepe. Hapo ndipo nilipopiga ishara ya msalaba, na sioni aibu kusema. Tulikuwa kwenye mafunzo, mwalimu akawasha seva moja, kisha ndani ya seva hiyo akawasha kompyuta nyingine ambayo haipo. Haina chuma, haina feni, huwezi kuipiga kofi ikigoma. Lakini ina bayosi yake! Na bayosi hiyo inaamka vilevile, inapita kukagua kadi, nyingine za kweli ilizoazimwa na seva, nyingine za kubuni tu, na kuzigawia anwani bila hata kutabasamu. Kisha mfumo endeshi wake unaamka ukiamini kabisa kwamba umekaa juu ya chuma. Nilimuuliza mwalimu, "Sasa huyu wa ndani anajua kwamba yuko ndani?" Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, alisema ni swali zuri na hakunijibu.

Ufundi wenyewe sikuanzia kwenye kompyuta. Nilianzia kwenye redio, Biharamulo mjini, kwa Mzee Yusufu, Mungu amrehemu. Mzee huyo alikuwa na tabia iliyonikera sana nilipokuwa kijana. Mteja akileta redio mbovu, Mzee Yusufu hashiki bisibisi. Anamsukumia mteja redio yake na kumwambia, "Iwashe wewe, kama unavyoiwasha kwako, nikuone." Siku moja alikuja mkulima kutoka Nemba na redio ambayo mimi nilikuwa nimeshaifungua mara mbili na kuirudisha nikiwa nimeapa kwamba ni nzima. Kwetu dukani iliimba vizuri, kwake ilikuwa bubu. Mzee Yusufu akamwambia aiwashe. Yule bwana akaichukua, akaibana kwapani ili apate mikono yote miwili, akawasha. Kimya. Kumbe kwapa lake lilikuwa linabonyeza kifuniko cha betri, na waya ndani ulikuwa umekatika pale pale. Mimi nilikuwa naijaribu juu ya meza, ningeijaribu mpaka leo.

Mngedhani nilijifunza. Nilijifunza, kisha nikajifunza mambo mengine mengi juu yake, na lile likazikwa.

Kwa sababu, wanangu, nilipata sifa. Ofisi moja ya Ngara ilikuwa na kompyuta iliyogoma kutambua kadi mpya. Bayosi yake ilikuwa ya kizamani, ilikuwa imewabana wageni wote kwenye kichumba kimoja, kadi mpya ikakosa pa kukaa. Nikauandikia mfumo endeshi amri moja: achana na mgao wa bayosi, gawa upya mwenyewe. Ikawaka, kadi zote zikaonekana. Wakanipigia makofi. Tangu siku hiyo kila mashine iliyonisumbua niliipa amri hiyo, na ilisaidia mara nyingi kiasi kwamba wenzangu walinipa jina, Gawa Upya. Nilikuwa nalipenda jina hilo.

Sasa tufike hospitalini.

Hospitali ilikuwa na mashine moja ya eksirei, na mtu mmoja wa kuiendesha, Paskazia, mama wa makamo, mpole, anayepanga mambo yake polepole. Picha za eksirei zilipita kwenye kadi maalumu iliyochomekwa kwenye kompyuta kuukuu. Kompyuta ile ikafa. Mfumo endeshi wake ulikuwa wa zamani na programu ya eksirei haikukubali mwingine. Nikafanya jambo ambalo lilinipa raha moyoni: nikautoa mfumo ule kwenye diski ya marehemu, nikaufufua kama mashine pepe ndani ya seva mpya, nikaichomeka kadi ya eksirei kwenye seva na kuikabidhi mashine pepe iwe yake peke yake. Nikaiongezea na kadi ya mtandao ya pili, ili picha ziende moja kwa moja kwa madaktari, na mtandao wa mapokezi nao nikaupitisha humo humo. Mashine pepe ikalalamika kidogo kuhusu nafasi. Nikaipa amri yangu: gawa upya. Ikanyamaza.

Asubuhi ya kwanza, Paskazia akamlaza mgonjwa, akabonyeza kitufe cha kupiga picha. Picha haikuja. Na dakika hiyo hiyo mapokezi wakapiga kelele kwamba mtandao umekatika. Nikawasha upya. Nikakaa kwenye kiti changu chumba cha seva, nikaendesha programu yangu ya majaribio: kadi ya eksirei nzima, inajibu, inatabasamu. Nikamwita Paskazia apige tena. Mtandao ukafa.

Ikawa hivyo siku nzima, na kesho yake, na wiki ile. Mimi nikijaribu, uzima. Yeye akibonyeza, msiba. Watu wa mapokezi wakaanza kusema eksirei inakula mtandao. Editha, dada wa mapokezi, aliniuliza kwa dhati kabisa kama mionzi inaweza kupita ukutani ikachoma waya. Nikamwambia haiwezekani, halafu nikaenda kupima ukuta. Tukachimbia waya wa ardhini upya, tukabadilisha soketi. Wakati huo wagonjwa waliovunjika walikuwa wanapakiwa kwenye gari kwenda kupigwa picha wilaya nyingine, kwenye barabara ambayo hata mwenye mifupa mizima anaguna.

Katibu wa hospitali akataka maelezo kwa maandishi. Nikaandika. Nitawaambia nilichoandika, maana nakikumbuka kila neno: kwamba vifaa vimekaguliwa na ni vizima, kwamba hitilafu hutokea pale tu mtumiaji anapoendesha mashine, na kwa hiyo chanzo ni mtumiaji. Sikumtaja jina. Hakukuwa na haja, mtumiaji alikuwa mmoja.

Katibu akaitisha kikao cha kamati siku ya Jumatano ya wiki iliyofuata, kuamua kama Paskazia aondolewe eksirei apelekwe stoo, na atafutwe mtu mwingine. Nilikutana na Paskazia kwenye korido.

"Fundi," akasema, "mimi nimepiga mifupa ya watu wa hapa tangu mashine ikitumia filamu. Nikienda stoo nitahesabu glavu mpaka nistaafu. Una uhakika na ulichoandika?"

"Vipimo havidanganyi, mama," nikamjibu.

Akaniangalia, akaenda zake. Mtanisamehe kwa kiburi kile, ingawa yeye ndiye aliyestahili kuombwa.

Jumamosi yake niliitwa nyumbani, Mbuba. Kulikuwa na ugomvi wa shamba la migomba. Marehemu baba alipokuwa hai alituonyesha kila mmoja sehemu yake, na mama yetu akaachiwa upande wa bondeni, mstari wa minyaa ukiwa ndio mpaka. Kaka yangu Gaspari aliporudi kukaa nyumbani aliona mgao umembana, maana wanawe wameoa. Akapima upya, kwa haki kabisa, hakumdhulumu mtu. Mama akapewa eneo kubwa zaidi upande wa juu, karibu na nyumba, asiteremke tena bondeni. Bonde akapewa mkwe wake, mke wa mwanawe. Ila waligawana wakiwa wamekaa ndani, mama akiwa kanisani, na kila mmoja akadhani mwenzake atamwambia. Basi mama akashuka bondeni na panga lake kama siku zote, akakata mkungu. Mkwe akapiga yowe la mwizi. Mama yangu, mwenye miaka yake yote ile, akaitwa mwizi mbele ya majirani.

Kwetu ugomvi wa mpaka hausikilizwi barazani. Wazee wa ukoo wanawasimamisha wote shambani, kisha kila mmoja anatembea mpaka aliopewa kwa miguu yake, anataja kwa sauti alionyeshwa na nani na kuanzia wapi, na hakuna wa kumkatiza hadi amalize. Wakimaliza wote ndipo wazee wanaangalia nyayo zinapopishana. Gaspari akatembea, akataja. Mkwe akatembea, akataja. Kisha mama akashuka polepole, mkono mmoja kiunoni, akasimama kwenye minyaa.

"Mimi," akasema, "nilikwenda nilikoonyeshwa. Aliyenionyesha ni mume wangu. Kama mmenihamisha, nani aliniambia?"

Mkwe alikuwa ameinamisha kichwa analia.

Na mimi, wanangu, Mungu anisamehe, badala ya kumfikiria mama yangu, nilisisimka mwili mzima pale shambani. Niliiona kadi ya eksirei. Niliiona kama nilivyoiona migomba ile. Kuna mtu ndani ya mashine yangu alikuwa anakwenda alikoonyeshwa.

"Wewe vipi?" Gaspari akaniuliza. "Mbona unacheka mtu analia?"

"Sicheki," nikasema. Nadhani nilikuwa nacheka.

Mama tulimwomba radhi, mkwe akapiga magoti, wakakubaliana mama abaki na bonde lake. Jumatatu asubuhi nilikuwa hospitalini kabla ya mfagizi. Na jambo la kwanza nililofanya ni lile la Mzee Yusufu: nikamwita Paskazia, nikakaa nyuma yake, nikamwambia awashe mwenyewe, kama anavyowasha siku zote, nimwone. Hakuniuliza kwa nini. Akawasha, akafungua programu yake ya eksirei, na hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa sababu sikuwahi kukaa pale. Programu yake haikuwa ile niliyokuwa naijaribia. Yangu, kila inapotaka kuzungumza na kadi, inauliza mfumo endeshi: kadi iko wapi sasa? Ya kwake ni ya zamani, na ilipokuwa inafunguka ilionyesha mstari mdogo kwamba inasoma orodha ya bayosi.

Nikaenda chumba cha seva na karatasi mbili. Kwenye moja nikanakili anwani zote ambazo bayosi ya mashine pepe ilikuwa imegawa ilipoamka. Kwenye nyingine nikanakili anwani ambazo mfumo endeshi unazitumia. Ni namba ndefu, zinachosha macho, nilizifuata kwa kidole. Nikaziweka karatasi sambamba.

Bayosi ilikuwa imeipa kadi ya eksirei anwani moja. Kisha mfumo endeshi, ulipoamka na kukuta kadi ya mtandao niliyoiongeza imebanwa, ukatii amri yangu: ukagawa upya. Ukaihamisha eksirei mbele kidogo. Na pale ilipokuwa imekaa eksirei, ukaikaribisha kadi ya mtandao.

Kwa hiyo kila Paskazia alipobonyeza kitufe, programu yake ilibeba amri ya kupiga picha, ikaenda kwenye anwani ya bayosi, ikagonga na kuingia. Aliyekuwa ndani ni mtandao. Fikiria umekaa kwako mtu anaingia ghafla anakuamuru: vua shati, vuta pumzi, usipumue! Mtandao ukafanya kama ulivyoambiwa, ukaacha kupumua.

Nilikaa chini sakafuni. Sikuwa na hasira, hata furaha bado. Nilikuwa na hofu, ile ya mtu aliyeingia kanisa kubwa wakati halina watu. Ndani ya seva ile, ndani ya kompyuta isiyokuwepo, kulikuwa na wawili, bayosi na mfumo endeshi, ambao hawajawahi kuonana, maana mmoja anajiondoa mwenzake anapoamka. Kila mmoja alifanya kazi yake bila kosa hata moja. Kwenye kompyuta ile iliyokufa waliishi kwa amani miaka yote, kwa kuwa wa pili hakuwahi kugusa alichoacha wa kwanza. Aliyewagombanisha ni mimi, kwa amri yangu ninayoipenda.

Kurekebisha hakukuchukua muda, na hili lishikeni kwa mikono miwili, litawafaa. Ukifuta tu amri ya kugawa upya, tatizo la nafasi linarudi, kadi moja itakosa pa kukaa. Anza juu kabisa, kwenye mipangilio ya mashine pepe yenyewe, huko ambako bayosi inaambiwa ina uwanja mkubwa kiasi gani wa kugawa. Uongeze uwanja. Bayosi ikiwa na uwanja wa kutosha itawapa wote nafasi tangu mwanzo. Kisha uambie mfumo endeshi uheshimu ulichokikuta. Halafu zima kabisa, usiwashe upya juu juu, zima mpaka kila kitu kisahau, ndipo uwashe. Na kabla ya kusema imepona, toa tena orodha zote mbili uziweke pamoja. Ukiona zinafanana namba kwa namba, hapo unaweza kwenda kunywa chai.

Sikwenda kunywa chai. Nilikwenda kwa Paskazia.

"Tujaribu," nikamwambia.

"Kwa mgonjwa?"

"Hapana. Kwa kitu chochote."

Akaangaza macho chumbani, akachomoa kufuli la kabati lake, akaliweka juu ya meza ya mashine pale anapowalaza watu. Akalipima mkao, akalisogeza kidogo, kwa upole uleule kama ni goti la mtoto. Mimi nikashika simu, Editha akiwa upande wa pili mapokezi. Paskazia akaingia nyuma ya ukuta wake, akabonyeza.

"Editha, mtandao?"

"Upo."

"Angalia vizuri."

"Nimekwambia upo, Fundi. Namsajili mtu hapa."

Na kwenye kioo likaja kufuli. Likaja na matumbo yake yote: springi, pini zimejipanga, ulimi umeuma chuma. Nimefungua makufuli mengi maishani mwangu, sijawahi kuliona limefungwa nikaona ndani. Ile picha ilikuwa imetoka kwenye mionzi, ikapita kwenye kadi, ikapewa kompyuta ambayo haipo, ikapita kwenye anwani ambayo wawili wasioonana wamekubaliana, ikafika. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi. Paskazia hakuyaona, alikuwa ameshatoka mlangoni anawaita waliokaa kwenye benchi.

"Aliyeanza ni nani? Mwenye mkono? Ego, ndiyo, njoo baba, pole pole."

Jumatano kamati ikakaa. Niliomba nizungumze kwanza. Nikaeleza kama nilivyowaeleza nyie, karatasi zangu mbili mkononi, na nikasema barua yangu ya kwanza ni ya uongo, naifuta, kosa ni langu. Katibu aliguna, akasema kompyuta ni mambo magumu, akauliza kama kuna mwenye la kuongeza ili wafunge ajenda.

Paskazia akasimama. Alikuwa amekuja na vazi lake la kazi, maana benchi lilikuwa limejaa wagonjwa wanamsubiri.

"Mimi nina swali moja kwa Fundi," akasema. "Kabla hujaniandika, uliniuliza nini?"

Nilitafuta jibu la kitaalamu, nikakumbuka vipimo, nikakumbuka waya wa ardhini.

"Sikukuuliza kitu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mwandishi wa kikao. "Hilo nalo liandikwe," akasema, kisha akaomba ruhusa arudi kwa wagonjwa wake. Likaandikwa, na nikatia sahihi chini yake.